Kura ya Kwenye Filamu

Rukaiya alipomwomba Mwenyekiti wetu wa kijiji, Baba Ashiru, aigize mwenyekiti mla rushwa katika filamu yake, mzee alikubali kabla binti wa watu hajamaliza kusema. Akashonesha na suti. Kumbe hadithi hakuisoma hadi mwisho. Siku moja tu kabla ya kupiga picha ndipo alipojua kwamba wananchi wanamng'oa kwa kunyoosha mikono.

"Ning'olewe mimi?" aliniuliza. "Mama Upendo, Newala nzima wataniona!"

Mimi niliigiza katibu wake mwaminifu, anayemgeuka dakika ya mwisho. Furaha yangu haikuwa na kifani. Mimi ni Mmakua wa Masasi niliyeolewa huku kwa Wamakonde, kwa hiyo Baba Ashiru ni mtani wangu, na kumchamba hadharani ni haki yangu ya kuzaliwa.

Asubuhi ya kupiga picha nilikuta bomba liko wazi. Huku juu maji ni shida, na ufunguo wa bomba Mwenyekiti huutundika shingoni. Siku hiyo, bure, kila mtu ateke atakavyo! Nami, sidanganyi, nilijaza ndoo zangu zote.

Tukakusanyika uwanjani, mbele ya ghala la korosho. Kamera ikawashwa. Nikasema maneno yangu kwa madaha: "Wasiomtaka Mwenyekiti, nyoosheni mikono!"

Hakunyoosha mtu. Tukarudia. Mbuzi alilia, mkono hakuna. Baba Ashiru alikaa kitini akitabasamu kama bwana harusi.

"Jamani, haya si maigizo tu?" Rukaiya alisema. Kamera ilikuwa ya kuazima, na mwenye kamera alishatoka Masasi kuja kuichukua. Bila kura ile, kazi yake ya mwaka mzima ingeishia pale pale.

"Tumekunywa maji ya mtu, mwanangu," akajibu Bibi Stamili. "Tutamnyooshea mkono kwa uso gani?"

Nilimhurumia Rukaiya, na papo hapo utani ukanipanda. Nikamvua Mwenyekiti kofia, nikaivaa, nikakata kiuno mbele ya kamera. "Mmakonde wee! Kichwa chako hakijabeba ndoo hata siku moja, kofia ya nini?"

Watu hoi kwa kicheko. Mtani akikunyang'anya kitu, unacheka nawe, unatoa chochote ukikomboe. Kukasirika ni mwiko, hata watoto wanajua. Lakini Baba Ashiru alisimama amevimba.

"Nipe kofia yangu! Nani kawafungulia bomba leo? Nimewanunua wote kwa ndoo za maji, na kesho nalifunga!"

Kumkasirikia mtani! Bibi Stamili akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wake. Kisha jirani yake, kisha wale wa nyuma, mpaka uwanja mzima ukawa mikono tu. Rukaiya alirukaruka, machozi na kicheko vikigombana usoni.

"Tumemaliza! Ahsanteni, wazazi wangu!"

Kamera ikazimwa, ikatiwa sandukuni. Baba Ashiru akajifuta jasho, akajilazimisha kucheka.

"Haya jamani, filamu imekwisha. Shusheni mikono."

Hakushusha mtu.

Akanigeukia, sauti imemshuka. "Mama Upendo, wewe katibu wangu. Waambie."

Nikamrudishia kofia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado juu.