Geji Juu ya Kioo

Mimi nina mdomo, sikatai. Gereji nzima huniita Makelele, na sijawahi kumwuliza mtu kwa nini. Gari likiletwa kwangu, kwanza namfokea mwenye gari, ndipo nafungua boneti. Watu wamenizoea, wanacheka, na kesho wanarudi. Dada yangu ndiye ambaye hakucheka.

Gari lake ni la zamani, la milango minne, la wakati ule magari ya kupulizia petroli kwa sindano, badala ya kabureta, yalipoanza kuingia na mafundi wengi wakayakimbia. Injini ya namna hiyo haitaki mchezo. Pampu iliyo ndani ya tangi husukuma petroli kwa nguvu mpaka mbele kwenye sindano, na nguvu hiyo ikipungua, gari linakohoa, linatetemeka, linazima. Dada analitumia hasa kwa kazi moja. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anampeleka mume wake hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zimeacha kazi. Saa moja asubuhi shemeji anatakiwa awe ameshakaa kwenye mashine. Akichelewa, kiti anapewa mwingine.

Wiki mbili zilizopita gari likaanza kuzima njiani. Likipumzika robo saa linawaka vizuri tu, utadhani halikuwa na neno. Dada akaniletea. Nikainama nyuma, nikasikiliza pampu kwa sikio, kama nilivyofanya miaka yote. Nikasikia inalia. Nikasimama, nikamgeukia dada mbele ya mafundi na wateja.

"Unaendesha tangi likiwa tupu," nikafoka. "Pampu inapoozwa na petroli, wewe unaiunguza. Gari hili huliwezi, dada. Hujui kuendesha!"

"Taa ya mafuta haijawahi kuwaka, mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia asinifundishe kazi. Nikafunga pampu mpya na kichungi kipya, nikamkabidhi ufunguo bila hata kumtazama usoni.

Alhamisi iliyopita, pampu mpya ikiwa haijamaliza hata siku kumi, gari likazima kwenye mlima wa kwenda hospitali. Wakakaa kando ya barabara, likawaka, likazima tena. Walipofika, kiti kilikuwa na mtu. Kufika Ijumaa jioni miguu ya shemeji imevimba, pumzi haimtoshi, akalazwa mpaka Jumapili. Jumapili hiyohiyo dada alikuja kwangu akaweka ufunguo mezani. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Ulisema siwezi," akasema. "Ni kweli, siwezi. Nimekaribia kumuua mume wangu. Usukani sishiki tena."

"Nitawapeleka mimi."

"Jumanne utatupeleka. Na Alhamisi? Na Jumamosi? Na mwaka ujao?"

Yeye hana ndugu mwingine, na gereji haijifungui yenyewe. Alipoondoka niliutia ule ufunguo mfukoni.

Jumatatu asubuhi fundi wa kuchomea vyuma, tuliyepakana naye ukuta, alinikuta nalizunguka gari.

"Sikio linasemaje leo?" akauliza.

"Linasema pampu nzima."

"Na ile geji yako pale ukutani ni pambo?"

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Geji ya presha, ya kupimia nguvu ya petroli, niliinunua mwenyewe, nikaitundika, ikala vumbi miaka miwili. Kazi yangu naijua, ya nini kupimapima? Nikaishusha nikiwa nimenuna. Nikaifunga kwenye bomba la mafuta karibu na sindano, nikawasha gari. Mshale ukapanda mpaka mbili na nusu, ukatulia hapo. Sawasawa kabisa. Siku nyingine ningefunga boneti na kusema gari zima, chukua. Lakini gari hili halikuwa likizima gerejini, lilikuwa likizima barabarani baada ya dakika ishirini, na mimi sikuwahi kuliendesha zaidi ya mpaka getini.

Mpira wa geji ulikuwa mrefu. Nikaupitisha pembeni mwa boneti, nikaibana geji juu ya kioo cha mbele kwa waipa, uso wake ukinitazama. Nikatoka nayo hivyo, watu wananishangaa njia nzima. Dakika tano, mshale haujatikisika. Dakika kumi, vilevile. Nikaanza kumlaumu dada upya kimoyomoyo. Nilipoukaribia mlima wa hospitali mshale ukashuka kwenye mbili. Nikakanyaga mafuta, badala ya kupanda ukazidi kushuka. Moja na nusu. Gari likatetemeka, nikalisogeza pembeni kabla halijazima.

Injini ikihema kwa shida, nilifungua boneti nikaubana mpira unaorudisha petroli kwenye tangi. Kama presha inavujia huko, ukiubana mshale unaruka juu. Haukuruka. Basi petroli haifiki mbele tangu mwanzo, na pampu ni mpya, na kichungi ni kipya. Nilijikuna kichwa. Nikaenda nyuma kuhakikisha petroli ipo, nikazungusha kifuniko cha tangi.

Fyuuuu. Tangi likavuta hewa kama mtu aliyezibwa pua. Injini ikatulia papo hapo. Nikakimbia mbele kutazama. Mbili na nusu.

Safari hii sikutaka kuamini kwa haraka. Nikafunga kifuniko, nikazunguka mjini dakika ishirini nyingine, mshale ukashuka. Nikafungua, ukapanda. Ndipo nikakigeuza kifuniko nikakitazama kwa ndani.

Chini yake palikuwa na pete ya mpira mweusi, imekatwa kwa kisu, ukingo mmoja umekwenda upande. Nikaitambua kabla sijaigusa. Siku chache kabla gari halijaanza kuzima, dada alinilalamikia kwamba kifuniko kimelegea, harufu ya petroli inaingia ndani, na shemeji akitoka kwenye mashine tumbo halishiki kitu. Nikakata pete kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, nikaibandika kwa gundi. Harufu ikakoma, nikashukuriwa, nikasahau. Kumbe kifuniko kile kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na pete yangu ilikiziba. Petroli inatoka, hewa haiingii, tangi linabaki linavuta kwa ndani, mpaka gari lipumzike na hewa ijipenyeze polepole. Pampu gani ingeshinda? Ile ya kwanza niliyoitupa haikuwa na ubaya wowote. Ililia kwa sababu mimi nilikuwa nimeikaba koo.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuitupa ile pete kichakani, nikasema ni uchafu kwenye bomba, mambo yakaisha. Sitajifanya mtakatifu, niliwaza hivyo. Kisha nikamkumbuka dada akisema amekaribia kumuua mume wake. Nikaitia pete mfukoni, nikaenda dukani kutafuta kifuniko kinachopumua, chenye raba yake halisi isiyopitisha harufu, nikaendesha nusu saa nzima mshale ukiwa mahali pake.

Nyumbani kwa dada ni mtaa wa pili kutoka gereji. Nilimkuta anamkanda shemeji miguu. Nikaiweka pete kwenye mkeka, nikawaeleza yote tangu mwanzo bila kupamba. Sauti yangu ilikuwa ndogo, hata mimi nilijishangaa.

"Si wewe, dada," nikamalizia. "Ni mimi."

Aliichukua ile pete akaigeuzageuza.

"Kila nikiitazama miguu hii," akasema, "nilikuwa nasema ni mimi. Nimemwomba radhi mara tatu huyu. Mara tatu." Akairudisha pete mkekani. "Siku ile uliniambia wapi kwamba siwezi?"

"Gerejini."

"Basi twende ukaseme hukohuko."

"Na mimi naenda," shemeji akasema, anatafuta viatu. "Makelele kuomba radhi hadharani, sikosi hata mkinibeba."

Basi nikasimama katikati ya gereji, pale pale, mafundi na wateja wamejaa. Nikasema kwamba gari la dada nililiharibu mimi, kwa pete niliyokata mimi, na nilimtukana bure. Fundi wa kuchomea akazima mashine yake na kuinua kinyago. Hakuna aliyecheka.

"Umesema kosa ni lako," dada akasema. "Hujasema kama naweza."

"Unaweza."

"Siku ile ulisema kwa sauti."

"Dada yangu anajua kuendesha!" nikapaza sauti mpaka wa barabarani wakageuka. "Amemfikisha mgonjwa mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, na gari limemzimikia kwa sababu yangu!"

Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Shemeji akakaa mbele, mimi nikaingia nyuma. Geji ilikuwa bado juu ya kioo. Dada hakuitazama hata mara moja, alitazama barabara. Mimi ndiye niliyechungulia mshale kati ya mabega yao mpaka shingo ikauma.

Tulipofika mlimani alipunguza mwendo, mahali palepale. Shemeji akamwekea mkono gotini. Dada akabadilisha gia, akakanyaga, na gari likapanda mlima wote bila kukohoa. Juu kabisa, mbele ya geti la hospitali, akasimama kando, akaiacha injini ikinguruma, akainamia usukani akalia. Nilitaka kusema neno la kumtuliza, nikauma ulimi, nikamwachia mume wake.

Alipomaliza akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akanitazama kwenye kioo.

"Kesho asubuhi usije kutuchukua," akasema. "Tutakwenda wenyewe."