Kisu cha Shemeji Mabruki

Nilikuwa ndani ya eda ya marehemu mume wangu, sitoki uani, kuku wangu mweupe alipoacha kula. Ndiye mtetea pekee niliyebaki naye, na vifaranga wake walikuwa bado wadogo, wa kulala chini ya mbawa. Mama akifa, wenyewe hawafiki mbali. Mwewe wa mtaa wetu wa Kanyenye hawana huruma. Tena ulikuwa mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano ya msaada tuliyoyaita Yanga, na yai moja ndani ya nyumba lilikuwa neno kubwa.

Maua, jirani ninayechangia naye ua, alichungulia mara moja akatoa hukumu.

"Kideri hicho, dada Batuli. Achinjwe kabla hajawa mzoga. Akifa mwenyewe, hata paka wako, kwa dini uliyomfundisha, hamli."

"Na vifaranga?"

"Vifaranga ni kudra. Na kuku wangu je? Unataka tubaki na mabanda matupu?"

Sikumlaumu. Kideri kikiingia ua mmoja, mtaa mzima unaokota mizoga. Nikamwomba anifikie kwa Bwana Mifugo, kwa kuwa mimi sitoki. Alirudi na habari kwamba Bwana Mifugo yuko Igalula, anachanja ng'ombe wa kijiji cha ujamaa, na atarudi treni ikipenda. Wala Maua hakurudi peke yake. Alikuwa amempitia shemeji Mabruki, mdogo wa marehemu, na kisu kimeshanolewa.

Mabruki ndiye aliyewachinjia watu mtaani kwetu, na haki yake tangu zamani ni shingo. Kwa sababu niko edani na yeye si maharimu wangu, hakuingia uani. Alikaa barazani, nyuma ya pazia la gunia la Yanga nililotundika mlangoni nilipoanza eda, akanipa kisogo.

"Mlete tu, shemeji," alisema. "Haichukui muda."

"Niachie mpaka adhuhuri nimtazame."

"Akikufia mkononi?"

"Akianza kukata roho nitakuita."

"Uniite kabla, si baada. Mimi sichinji maiti."

Tukakubaliana hivyo. Maua akamletea kahawa, nami nikampakata kuku.

Mtu wa edani hana kazi nyingi ila kusali na kutazama. Nilikuwa nimemtazama kuku yule siku zote. Kinyesi chake hakikuwa cha kijani. Niliweka sikio mgongoni, sikusikia mkoromo. Puani hana kamasi, shingo haijapinda, na wale wengine wa Maua wanaparua kama kawaida. Nikamnusa mdomo: uchungu, kama togwa lililolala siku nyingi. Kisha nikashika kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kuku aliyelala bila kula huamka nacho kitupu. Chake kilikuwa kimejaa, kigumu kama unga uliokandwa.

"Maua, si kideri. Amekwama chakula."

"Chakula gani, na njaa hii? Sisi wenyewe hatujakwama!"

Barazani Mabruki alicheka hadi kahawa ikampalia. Nikageuka upande wa kicheko, macho yakatua kwenye pindo la chini la pazia. Gunia lilikuwa limechakaa, nyuzi zinaning'inia, na upande mmoja hazipo kabisa. Zimedonolewa. Kumbe punje za Yanga zilibaki kwenye mshono, na mama wa watu alikuwa akizifuata na katani yake.

Nilisema Bismillahi. Nikamtia mafuta ya karanga mdomoni, tone kwa tone, nikafuatisha maji ya vuguvugu, kisha nikaanza kukisugua kile kifuko kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayemkanda mtoto tumbo. Nikampumzisha. Nikarudia.

"Shemeji, bado?"

"Bado."

"Jua linapanda."

"Naliona."

Kifuko kilianza kulainika. Nikamwinamisha kichwa kidogo tu, maana ukizidisha, maji humwingia kwenye pumzi, naye akatapika maji machungu. Nyuma ya ulimi ikatokea ncha ya uzi. Nikaishika, nikavuta kidogo, ikaja. Nikavuta tena, ikagoma. Hapo kuku akalegea. Shingo ikalala mkononi mwangu, macho yakafumba.

"Anakufa!" Maua akapiga kelele. "Shemeji Mabruki, anakufa!"

Pazia likatikisika. Ukatokea mkono na kisu, uso umegeuzwa kando kwa heshima. "Mlete, mlete haraka! Unangoja nini?"

Kweli, nilikuwa nangoja nini? Nyama ilikuwa inaniponyoka. Lakini wakati huo nilihisi kidole changu kimeshikwa. Mguu wa kuku ulikuwa umekikunja, umebana.

"Bado," nikasema.

"Batuli!"

"Bado, Maua. Lete mafuta."

Sikuvuta. Nilitia mafuta, nikasugua, nikamwachia Mungu, na uzi ukateleza wenyewe, kisha mwingine umeviringana nao, na punje za mahindi zimenaswa humo. Fundo zima likaangukia mapajani. Kuku akakukurika, akapiga chafya, akanipaka mafuta usoni.

Muadhini akaanza kuadhini.

"Shemeji," nikasema, "hebu nipe hicho kisu."

Alikisukuma chini ya pazia, mpini mbele. Nilikata nyuzi zote zilizoning'inia, pindo likabaki sawa.

"Umemchinja mwenyewe?" aliuliza, sauti ya mashaka.

"Nimechinja gunia."

"Na shingo yangu?"

"Iko uani, inakunywa maji."

Maua alikuwa amekaa chini kabisa, anacheka na kujifuta macho kwa khanga. Mabruki aliomba kisu chake, akaaga kwenda msikitini. "Mwakani, Inshallah," alisema. "Hao vifaranga wana shingo nao."

Kuku nilimnyima nafaka, nikampa maji na papai lililopondwa. Jioni alijikokota hadi pembeni ya banda, akainama, akapanua mbawa. Vifaranga wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alihangaika kutafuta nafasi, akaipata. Nikainuka kutia udhu wa Magharibi.