Dozi Chini ya Ulimi

…na askari wa getini kumbe hata kukisoma hicho kipimajoto chake hajui, anakielekeza kwenye paji la uso la mzee aliye mbele yangu, siku hizi hata kutoka ni kupimwa, anakitikisa, anakipuliza, anaanza upya, na mimi nimesimama nyuma na dozi nzima mdomoni, chungu, mashavu nimeyabana ndani ya barakoa… zamani ulikuwa unakunywa methadoni yako pale dirishani, dawa ya kukuachisha unga, halafu nesi anakwambia taja jina lako, ukilitaja anajua umemeza, siku hizi anaogopa pumzi zetu, kajifungia nyuma ya plastiki kama mkate wa dukani, "pita, pita, anayefuata," jina hataki tena, basi nami nimepita… na yule pale nje ya uzio, mdogo wangu, kaegemea nguzo ya taa, kajikunja, kamasi zinamchuruzika, kashika kichupa cha dawa ya kikohozi, eti kakiosha, mtu ambaye uso wenyewe haoshi… nilipoanza kuja hapa alinicheka, "kaka, umekuwa mtoto wa kliniki, unanyweshwa," alicheka mpaka akakaa chini, halafu gonjwa likaingia, barabara zikafungwa, unga ukaadimika, wanaouza wanauza chokaa tupu, ndipo akanikumbuka, nikamleta, na nesi kwa upole wake wa kuchefua akamwambia, "wapya hatupokei kwa sasa, mwanangu, kaa nyumbani," nyumbani gani, mama alishabadilisha kufuli, na redio kutwa nawa mikono, nawa mikono, teja anawe mikono ili iweje… tangu juzi arosto imemshika, ule ugonjwa wa kukosa unga, anatetemeka mpaka godoro letu la gheto linahama, "kaka, nitemee hata nusu," akaniambia, na mimi mpumbavu nikakubali, nikajiona mtu mwema, mtakatifu wa mateja… mzee anakohoa, askari anaruka nyuma, foleni nzima inaruka nyuma, waoga wakubwa, miaka yote wamechangia sindano, leo wanakimbia kikohozi… "wewe umetokea wapi?" askari anamwuliza mzee, katokea humo ndani, si umemwona, na bunduki wamekupa wewe… nikimpa dozi yote, kesho nguzo ile nitaiegemea mimi, na yeye hataniletea hata maji, namjua… nusu basi, mwenyewe kasema nusu… uchungu umepungua, au nimeuzoea… ameniona, anajinyoosha, anafuta kamasi kwa mkono wa shati, anafungua kizibo, hajaniangalia hivyo tangu tukiwa watoto, nilipokuwa namvusha barabara, haya, mpe, mpe yote, potelea mbali, ni mdogo wako huyo, na nasogeza ulimi kuikusanya, kushoto, kulia, nyuma ya meno, hamna, mate tu, nimekuwa nikimeza, tone moja moja, muda wote huu nikiwasimanga watu nilikuwa nameza, na mwili umeshatulia, umeridhika, naogopa kumtazama… mzee bado anapimwa, kipimajoto bado kinapulizwa, mdogo wangu kakikinga kichupa kwa mikono miwili, na nesi akiniita sasa hivi nirudi dirishani nitaje jina langu, nitalitaja vizuri kabisa.