Chumba cha Kuonyesha Afisa

Kwa Khamisa, yule wa viazi karai pale mlangoni mwa ploti, mambo yalikwenda hivi: Mwau alimrukia Lynn, akamnyofoa kipande cha shavu, akakitema chini, halafu akacheka. "Wallahi nimeona na haya macho," aliwaambia wateja huku akigeuza viazi kwenye mafuta. Kufikia jioni, nusu ya mtaa wa Gitothua ilijua kuna mtoto anakula wenzake.

Nzilani, msichana wa kuangalia watoto hapo daycare, ndani ya ploti, alikuwepo. Shavu halikuguswa. Ulikuwa mkono, chini kidogo ya kiwiko, alama ya meno imejipanga duara, bila damu. Wala Mwau hakucheka. Alilia kumshinda Lynn.

Lakini nani angemuuliza Nzilani? Asubuhi yake Jackie, mamake Lynn, aliingia akiwa amekunja mikono ya sweta.

"Mleteni huyo mamba! Ang'atwe hapa mbele yangu, asikie vile inauma!"

"Mama Lynn, huyu hajafika hata miaka miwili," Nzilani alisema. "Hana maneno bado. Ukimng'ata, atajua ndivyo watu hufanya."

"Kwani wewe umezaa? Si unyamaze!"

Ngendo, mwenye daycare, akaingilia kati kwa sauti ya sukari. "Jackie, tulia mami. Aking'ata mtoto tena leo, anaenda. Nimesema."

Mukonyo, mamake Mwau, alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba wake wa kazi. Kwenye kiwanda cha nguo alikokuwa akishona, ukikosa siku moja unapata mwingine ameketi kwa cherehani yako. Na mtoto angemwachia nani? Alimtazama Nzilani, akakimbilia kazini.

Basi kazi ya Nzilani siku hiyo ikawa moja tu: mdomo wa Mwau. Chumba kilikuwa kimejaa pomoni, hunyooshi mguu bila kukanyaga mtu. Nzilani alikuwa ameshamsoma: kabla ya kung'ata, Mwau huvuta sikio na kidevu kikatetemeka. Akivuta sikio tu, Nzilani humnyakua na kumpa kitambaa kilicholowa maji baridi. "Hii ndiyo ya kung'ata. Lynn si chakula." Mara ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita! Moyo ulimdunda kama mtu anayetazama penalti.

Mara Ngendo akaja mbio, kandambili moja mguuni. "Nzilani! Afisa wa kaunti ako hapo kwa jirani! Waingize kule ndani, haraka, haraka!"

Kule ndani kulikuwa na chumba cha pili. Kilifunguliwa siku ya ukaguzi peke yake, na ufunguo wake ulilala shingoni mwa Ngendo. Dirisha kubwa, mkeka mnene, mipira, vigari. Mlango ulipofunguka, watoto walimwagika ndani wakipiga mayowe. Hata aliyekuwa na homa alikimbia.

Lynn akampokonya Mwau mpira. Mwau akavuta sikio. Nzilani alikuwa mbali, Ngendo amemshika akimfunga aproni safi. "Mwau!" aliita. Kidevu kikatetemeka... kisha Mwau akaona mpira mwingine ukibingirika, akaufuata, akicheka mpaka akaanguka.

Afisa alisimama mlangoni na soda mkononi. "Eh, hapa mko fiti. Watoto wana nafasi." Akamaliza soda, akaenda.

Geti halijafungwa vizuri, Ngendo alishaanza. "Haya, watoe! Wataniharibia vitu."

Mlango ukafungwa. Watoto wakaupiga kwa viganja, wakilia. Mwau akajikuta amebanwa kati ya ukuta na bega la Lynn. Mkono ukaenda sikioni. Kitambaa kilikuwa kwenye beseni, mbali. Nzilani akajitupa, akaweka mkono wake palipokuwa na bega, na meno yakazama.

Hakupiga kelele. "Inauma, Mwau," alisema polepole. "Inaniuma." Mtoto akaachia, akaigusa ile alama kwa kidole.

Jioni Jackie alifika. "Haya, leo mamba amekula nani?"

Nzilani akashusha mkono wa sweta. "Hakuna mtoto ameng'atwa. Muulize Lynn mwenyewe."

"Mpila! Mpila!" Lynn alipiga kelele mpaka getini. Mukonyo naye alipofika akihema, alisoma uso wa Nzilani tu, akamrusha mwanawe juu, wakacheka wote wawili.

Watoto walipokwisha kuchukuliwa, Nzilani alimfuata Ngendo jikoni, akapandisha sweta.

"Ni mimi ameng'ata. Lakini umeona kule ndani, hakuna aliyeguswa. Kesho tufungue hicho chumba, tafadhali. Mipira nitaosha, mkeka nitafagia kila siku. Niachie tu ufunguo."

Ngendo aliutazama ule mkono. Akatumbukiza ufunguo ndani ya blauzi, akaweka simu sikioni. Haikuwa imelia.

"Halo?" akasema, akitoka nje. "Halo?"

Nzilani akabaki hapo, sweta imepanda, akingoja amalize kuongea.