Betri Haipimwi Ikiwa Imelala

Ti. Ti. Ti. Inveta ya sola ililia gizani kabla ya jogoo, kisauti chembamba kama cha mtu anayeomba maji. Mwanafunzi aliamka kabla ya mlio wa nne. Jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake, siku alipoanza masomo ya jioni ya umeme na mtoto mgongoni. Lilianza kama kejeli, likamkaa.

Alipapasa ukuta hadi kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Taa yake imezima. Ndani mlikuwa na mayai sitini na nne, na leo yalitimiza siku ya kumi na tisa. Bado mbili tu. Yakipoa sasa, ni kuzika mradi mzima.

"Betri imekufa, mama."

"Haijafa leo," mama mkwe alijibu kutoka kitandani. "Inaaga tangu mwezi jana, wewe umeziba masikio."

Kulipokucha, jua likapokea zamu, mashine ikawaka. Lakini jua huzama. Mwanafunzi alimwachia mama mkwe binti yake wa miaka mitano, akatia mfukoni kipimo cha umeme, akabeba ubao aliofungia taa mbili za gari, akaondoka mbio.

Muuza betri kuukuu alikuwa anaitwa Asali, kwa ulimi wake. Alimtolea betri inayong'aa kama sahani ya wageni.

"Dada, hii ni bikira. Ipime mwenyewe."

Kipimo kilisoma vizuri, vizuri mno. Mwanafunzi akakumbuka mwalimu wao: betri haipimwi ikiwa imelala, ibebeshe mzigo uone magoti yake. Akaunganisha taa zake mbili.

"Sasa tunafanya nini?" Asali aliuliza.

"Tunangoja saa nzima."

"Saa nzima? Kwani tunaichumbia?"

"Nitaishi nayo, kaka. Afadhali niichumbie."

Hazikupita dakika ishirini, taa zikaanza kuwa njano, kisha nyekundu kama macho ya mgonjwa. Asali akajifanya anatafuta bisibisi. Simu ikaita.

"Wingu limefunga huku," mama mkwe alisema. "Mashine imezima tena. Nimeifunika blanketi, nimepanga chupa za maji ya moto. Unarudi lini?"

"Nakuja, mama. Usiifungue. Mwambie na mtoto asiifungue."

Miguu ilimwasha. Nyuma ya rafu aliona betri nyingine, nzito, imejaa vumbi, maandishi yamefutika.

"Hiyo ilitoka kwenye mnara wa simu," Asali alisema. "Sura haina, ila nzima. Ichukue uende, shemeji, una mgonjwa nyumbani. Ya kupima uache."

Aliishika. Mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye pochi. Angeweza kufika nyumbani baada ya nusu saa. Lakini hata ile ya kwanza aliambiwa ni nzima, na usiku wa leo mayai hayatakula maneno. Akaunganisha taa.

Saa ile ilikuwa na dakika mia. Alikaa, akasimama, akatoka nje kutazama wingu, akarudi kutazama kipimo. Akapiga simu nyumbani mara tatu, mpaka mama mkwe akamwambia kila akiinuka kupokea anaacha chupa zinapoa. Asali alimsogezea kiti, hakukikalia. Kipimo kilishuka kidogo, kikagoma kushuka zaidi. Taa ziliendelea kuwa nyeupe.

"Kumbe ni nzima kweli," alisema Asali, na yeye akashangaa.

Bodaboda alifunga betri kwa mpira, Mwanafunzi akaishikilia kwa magoti njia nzima. Nyumbani mama mkwe alikuwa amepiga goti kando ya mashine, kitenge chote kimelowa, anabadilisha chupa. Alishika tochi, akammulikia.

Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akakaza nati. Feni ya mashine ikavuma. Joto likaanza kupanda taratibu, nukta kwa nukta, na Mwanafunzi hakuthubutu kuuliza kama yaliyomo bado yanaishi. Alizunguka chumba. Akagusa nyaya. Akazigusa tena.

Binti yake alikuwa ameegemeza sikio kwenye kioo.

"Mama, kuna yai linagonga."