Kukandika Kihenge

Tangu alfajiri Mama Paskalia alikuwa akikandika kihenge, na udongo ulikuwa umempanda hadi viwikoni. Samadi ya kuchanganyia aliomba zizini kwa jirani, kwa kuwa ng'ombe wa kwake walikwisha kwenda mnadani. Watoto wake wawili, waliobaki, walikuwa kivulini mwa ukuta wakitafuna viazi vikavu vya jana. Mtama wote wa nyumba hiyo ulikuwa humo ndani ya kihenge.

Mambo yote haya aliyaleta Bwana Afya. Mji wa Shinyanga ulikuwa umesogeza mipaka yake hadi mashambani, na ndani ya mji, alisema mkutanoni, vihenge vya zamani ni maskani ya panya, na panya huleta tauni. Cha zamani kitachomwa. Kipya kitaachwa. Hakueleza ni nani angejenga kihenge kipya wakati wa kiangazi, maji yenyewe yakichotwa kwa kufukua mchanga mtoni. Wala hakuna aliyemwuliza. Mtu mwenye kofia ya serikali haulizwi maswali ya kijinga kama hayo. Watu walikwenda tu kuvipaka vya zamani udongo mpya.

Kihenge hiki kilijengwa na babu wa Bujiku, mume wa Mama Paskalia. Fito zake zilisukwa vizuri hata mzungu mmoja wa misheni alishuka baiskeli akakipiga picha. Na watu wa kaya hiyo walikuwa na desturi yao: kila aliyesaidia kukandika aligandamiza kiganja chake kwenye udongo mbichi, na waliokuja kukandika baadaye walizunguka viganja vya wenzao bila kuvifunika. Mkono wa babu ulikuwapo. Wa mama mkwe ulikuwapo. Na chini, karibu na jiwe, palikuwa na kiganja cha Paskalia, kidole gumba kimepinda kidogo, alichokiweka akicheka mwaka ule kabla surua haijamfuata. Alifia Kolandoto hospitalini, na hakuacha hata nguo, maana nguo zake zilivaliwa na wadogo zake zikaisha.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Masele, jirani, kwa Kisukuma, akiinama kutazama kazi. "Umependeza ukuta. Cha kwangu nimekipaka chote, kinang'aa kama sahani. Lakini hapa mbona umeruka?"

"Hapo ni pa Paskalia."

Masele alikohoa. "Wazee umewafunika?"

"Nimewaomba radhi, nikawafunika."

"Basi na huyu muombe."

"Wazee waliishi wakachoka, Baba Esta. Huyu hakuishi."

Masele akaondoka.

Jua lilipokuwa kali, Bwana Herman, ndiye huyo Bwana Afya, alifika na tarishi wake, na tarishi amebeba debe la mafuta ya taa. Bwana Herman hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoudhi. Alikuwa kijana msafi, mwenye soksi ndefu na haraka nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Afya."

Alikizunguka kihenge, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Udongo ulikuwa bado mbichi, ukamchafua. Akajifuta kwa leso, akatabasamu.

"Mmekuwa wajanja huku. Mume wako yuko wapi?"

"Geita, kwenye dhahabu. Hajatuma salamu tangu masika."

"Sawa. Mimi sina ugomvi na wewe. Nikiona udongo mpya, kwangu ni kihenge kipya, nitapita." Halafu akachuchumaa penye jiwe. "Lakini hapa je? Hapa pamepasuka, pa zamani kabisa. Mkubwa wangu anapita kesho. Akiona hapa ataniuliza kama mimi kipofu."

"Ni mkono wa mtoto wangu, bwana."

"Mwite apake mwenyewe basi, tumalize."

Mama Paskalia alimtazama usoni. "Amekufa."

Bwana Herman akatazama soksi zake. Tarishi naye aliweka debe chini, polepole, likalia kidogo.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Herman. "Pole. Lakini sheria haina mahali pa kuandika mkono. Ni chote kipya, au ni cha zamani. Siwezi zaidi ya hapo."

Watoto walikuwa wamesimama, macho yao kwenye debe. Mdogo aliuliza, "Mayu, wanachoma mtama?"

Mama Paskalia alichota udongo. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, na kwa kitambo akabaki hivyo, udongo ukimtiririka kwenye kiwiko. Kisha akapaka. Alipaka vizuri, kama alivyofundishwa na mama mkwe, kutoka chini kwenda juu, mpaka ukuta ukalingana.

"Kipya," alisema Bwana Herman. Sauti yake ilikuwa ndogo. Tarishi akabeba debe, wakaelekea kwa jirani wa pili.

Masele alikuja mbio akipiga makofi. "Kimepona! Kimepona, mayu!"

Mama Paskalia alilia mbele yake bila kujificha, akanawa, akachota mtama akasaga, watoto wakala.

Asubuhi ukuta ulikuwa umekauka. Alipiga magoti penye jiwe, akapapasa kwa ncha za vidole, juu, chini, upande huu na upande ule. Palikuwa laini kama penginepo pote.