Chumba Ambacho Njagi Hakukiingia

Hakuna kitu katika nyumba ya Mwalimu Igoki ambacho hakikuwa kimepita mikononi mwa Njagi. Geti lililokuwa likilia kama mbuzi, yeye ndiye aliyelinyamazisha. Mfereji wa jikoni, bawaba za kabati, hata kile kiti cha marehemu mzee Kaburu, mume wa Mwalimu, kilichovunjika mguu siku ya matanga, vyote alivitengeneza yeye. Hapa Kibugu mafundi si haba, lakini wengi ni wa kubomoa leo na kurudi kesho kutwa. Njagi alikuwa fundi wa kumaliza. Kwa miaka sita Mwalimu alimwamini hivyo, hadi akampa ufunguo wa mlango wa nyuma, ili akija wakati yeye yuko shambani akichuma majani chai asinyeshewe nje. Na kila Njagi alipokwenda Embu mjini kununua misumari na rangi, Mwalimu alimtwika ndizi na maziwa ampelekee Winrose, binti yake wa pekee, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa huko.

Ndiyo maana habari ya chumba cha kulala ilimsumbua Mwalimu sana.

Masika yalikuwa yameingia kwa fujo, na bati moja juu ya kitanda chake lilikuwa limeachia. Maji yalichora ramani ya kahawia kwenye dari, kisha yakaanza kudondokea mto. Mwalimu akasukuma kitanda hadi ukutani. Maji yakamfuata huko huko. Akaweka beseni juu ya godoro, akahamia kwenye kochi la sebuleni, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye mgongo uliobeba vikapu vya chai maisha yake yote.

Mara ya kwanza alipomwambia Njagi, alijibiwa kwamba ngazi imeazimwa. Mara ya pili Njagi alisema atamtafutia fundi mwenzake, Bundi wa Manyatta, huyo ndiye mjuzi wa mabati. Mjuzi! Na nani aliyekiezeka chumba hicho hicho miaka minne iliyopita, tena kwa kujisifu? Mara ya tatu alikuja, akatengeneza zizi la ng'ombe ambalo halikuwa na shida yoyote, akanawa mikono akaondoka. Mlango wa chumba hata hakuukaribia.

Kulikuwa na mengine. Tangu mwezi wa pili hakumpa Mwalimu mkono tena. Alimsalimia kwa mbali, macho chini. Chai aliyozoea kuinywa jikoni huku wakipiga soga, sasa aliinywea nje kando ya tangi la maji, na kikombe alikiacha dirishani. Mwalimu alikuwa amefundisha darasa la nne miaka thelathini, na mtu mwenye jambo moyoni alimjua hata akiwa amempa kisogo.

Tena jambo lenyewe alilijua, na hilo ndilo lililomuuma.

Mwezi wa kwanza, saa ya mkono ya marehemu Kaburu ilikuwa imepotea. Ilikaa kwenye droo chumbani, na wiki hiyo Njagi alikuwa ameingia humo kubadilisha kioo cha dirisha. Mwalimu hakumuuliza. Heri angemuuliza. Alichofanya ni kwenda kituo cha majani chai, na walipokuwa wakingoja lori la kuchukua majani, akamwambia jirani yake Cicily: "Huyu fundi wetu, mimi sisemi kitu. Lakini saa haina miguu."

Cicily ni mwanamke mzuri, mcha Mungu, na haijapata kutokea neno likalala nyumbani kwake.

Siku tisa baadaye saa ilipatikana kwenye mfuko wa koti la Kaburu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeitia humo, siku moja alipozidiwa na majonzi akalikumbatia koti lile. Je, alirudi kituoni kusema imepatikana? Hakurudi. Aliona haya, akajiambia maneno yatakufa yenyewe. Sasa kila tone lililogonga beseni lilimwambia kwamba hayakufa, na kwamba ulimi wake ulikuwa umemfukuza mtu aliyekuwa ameisimamisha nyumba yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliwaandikisha watoto methali hiyo miaka yote hiyo, na mwenyewe hakuwa ameiandika popote.

Jumamosi asubuhi alimwita Njagi aje kuunga gata la maji ya mvua lililokuwa limeng'oka. Alipomaliza, akapewa chai, akaibeba hadi kwenye tangi kama kawaida yake mpya. Mwalimu akamfuata.

"Njagi, weka hiyo kikombe chini kwanza."

"Kuna shida, Mwalimu?"

"Shida ni mimi. Ile maneno ya saa ya mzee, ni kweli niliongea. Niliambia Cicily imepotea na ni wewe ulikuwa umeingia. Na saa ilipatikana, Njagi. Ni mimi niliiweka kwa koti. Sikurudi kusafisha jina yako. Nimekukosea. Ukikataa kuingia kwa chumba yangu, siwezi kukulaumu."

Njagi alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

"Saa gani?"

"Hukusikia?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi? Watu wa kituo hawaniambiangi kitu. Kumbe ndiyo sababu mama Cicily aliniambia sinki yake imepona yenyewe. Na ile mlango ya kanisa wakapatia mtu mwingine."

Sauti yake ilikuwa ya chini na ilikuwa na maumivu. Mwalimu alitamani kuyarudisha maneno kinywani, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Sasa kama hukusikia, kwa nini umekataa kuingia?"

Njagi aliangalia viatu vyake. "Winrose hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alikuwa aje Pasaka akuambie, lakini dukani wakakataa kumpa ofu. Mimi nikasema mambo kama hii mama asikie kwa msichana wake kwanza, asisikie kwa fundi. Tulielewana mwezi wa pili tuoane. Na mimi siwezi kuingia mahali mama ya Winrose analala. Shosho alinilea na hiyo mila. Muthoni haoni kitanda."

Muthoni! Mkwe! Wakati wa mama yake Igoki, mwanamume akimwona mama mkwe njiani alijitosa vichakani ili asikutane naye uso kwa uso. Siku hizi wakwe wanakumbatiana kanisani na kupigwa picha. Mwalimu alidhani mila ile ilizikwa zamani, kumbe ilikuwa imesimama kando ya tangi lake la maji, imeshika kikombe cha chai. Mkono usiotolewa, macho yaliyoinamishwa, chai ya nje, yote aliyoyasoma kuwa chuki yalikuwa heshima. Na yeye, kwa kuomba msamaha, alikuwa amemwambia mtu huyo kwamba alimwita mwizi.

Njagi aliweka kikombe dirishani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango wa nyuma na kuuweka kando ya kikombe. Kisha akaenda zake. Mwalimu alisimama akiutazama ule ufunguo hadi manyunyu yakamlowesha mabega.

Jumatatu alikwenda kituoni na kikapu chake. Alingoja wanawake wajae, akiwemo Cicily, kisha akapaza sauti kama aliye mbele ya darasa. "Saa ya Kaburu haikuibwa. Niliiweka mimi kwa koti, nikasahau. Njagi hakugusa kitu. Mtu aliyesikia ingine, aliisikia kwangu, na mimi nilikosea." Uso ulimwaka moto. Mtu mmoja alicheka, Cicily akajifanya anachambua majani, na Mwalimu akabaki pale pale hadi lori lilipofika.

Jumatano asubuhi Bundi wa Manyatta alibisha hodi, ngazi begani. Nyuma yake, mbali, pale getini, alisimama Njagi ameipa nyumba mgongo.

"Bundi!" alipaza sauti bila kugeuka. "Boriti ya tatu kutoka dirishani! Hapo nilitumia msumari mfupi, toa yote!"

Kazi ilikwenda hivyo hadi saa sita, mmoja juu ya paa, mwingine akikiona chumba kizima kwa kumbukumbu. Mwalimu alipeleka chai getini, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua nne.

"Nimesikia ya kituo," Njagi alisema, akiuangalia mti wa mparachichi. "Hiyo sasa nimesikia. Na sinki ya mama Cicily imeharibika tena."

Mwalimu alicheka, na macho yakamlowa. "Lakini uliniachia ufunguo, Njagi. Nikajua umetukataa."

"Hiyo ilikuwa ya fundi, Mama." Hakuwahi kumwita Mama. "Mwezi wa nane nitakuja na wazee. Nataka nikifika kwa mlango, nipige hodi kama watu."

"Karibu," Mwalimu aliitikia, ingawa hodi yenyewe ilikuwa bado miezi minne.